Visigino vya Ukoo

Fundi viatu huyu watu walimwita Mbavu, maana nyama mwilini mwake ilikuwa kama ya kuazima. Kwa hiyo daktari alipomwambia damu yake imejaa mafuta, alicheka.

"Daktari, hebu nitazame. Hayo mafuta yamejificha wapi?"

Daktari hakucheka. Aliinama, akamminya nyuma ya kifundo cha mguu, penye uvimbe mgumu aliokuwa nao tangu ujana. "Mengine yako hapa. Ini lako lina milango ya kuvuta mafuta kutoka kwenye damu. Maelekezo ya kuijenga umerithi, nakala moja kwa baba, nyingine kwa mama. Moja ina kasoro, ndiyo maana milango ni michache."

Akamwandikia vidonge vya kulibana ini lisijitengenezee mafuta mengi. Likiona limepungukiwa, lingeitumia ile nakala nzima kuongeza milango.

"Una watoto?"

"Binti mmoja."

"Mlete apimwe. Huenda amerithi, huenda hakurithi. Kama amerithi, tumuwahi kabla moyo haujaumia."

Mbavu akaitikia vizuri tu, nyumbani akauchuna. Vidonge alimeza, ila suala la binti alilipiga danadana. Aliogopa, basi. Kaka yake alianguka akafa, mkono kifuani, hata mvi hajaota, na visigino vyake vilikuwa hivi hivi. Viatu vyake vyote Mbavu ndiye aliyevipanua kwa nyuma, huku wakiitania miguu ya ukoo wao.

Jumamosi moja binti akaingia kibandani na viatu vipya vya kazini, akavibwaga mezani. "Baba, nipanulie nyuma. Vinanibana kama vile vya mwaka jana."

Vya mwaka jana alivipanua akipiga mluzi, mguu wenyewe hakuutazama. Sasa alimtazama miguuni. Kalibu, ile mbao ya kupanulia viatu, alishaishika. Kazi ilikuwa ndogo, na binti angeondoka akicheka.

"Vua soksi," akasema.

"Ya nini tena?"

Akapiga magoti, akapitisha kidole gumba nyuma ya kifundo. Uvimbe ulikuwepo, mdogo kama punje ya harage. Akaugusa tena, kisha akagusa na wa kwake.

"Baba, kuna nini hapo?"

Akainuka, akairudisha kalibu mahali pake.

"Hivi sivipanui, mwanangu. Vaa ndala zangu, twende kwa daktari."