Upande wa Bonde

Matofali mabichi yana harufu yake, ya udongo uliolowa na majani makavu yanayoyafunika, na nikiinusa popote narudi Vudee, kwenye ua wa mama yangu, mwaka niliokuwa darasa la saba. Mama alifyatua matofali ya kuuza. Siku ya kupanga tanuri alisimama chini akirusha tofali moja moja, na dada yangu Nakijwa alisimama juu akiyadaka na kuyapanga. Tofali lisilochomwa hulipokei kwa mikono iliyokaza, litavunjika. Unalifuata linavyokuja, mikono inarudi nyuma kidogo pamoja nalo, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Nakijwa sikumbuki kama aliwahi kuvunja hata moja. Nilipojaribu mimi, mama alinitazama tu, akanituma maji.

Mwaka huo Mwalimu Mbonea alituletea besiboli, mchezo aliofundishwa chuoni. Tulikuwa na gongo, glavu chache zilizochakaa, na mpira mmoja. Uwanja wetu ulikuwa umelala kwenye mteremko kama kila kitu cha Vudee: mpigaji akishika gongo, kushoto kwake mlima unapanda, kulia kwake bonde linashuka. Mwalimu alitupima kwa kuturushia maparachichi mabichi. Asiyepepesa macho aliwekwa nyuma ya mpigaji, mwenye mikono mirefu akapewa kituo cha kwanza. Lakini nafasi iliyomnyima raha ilikuwa ile ya mbali, upande wa bonde. Mpira ukipita pale unaingia kwenye migomba, unavuka mfereji, na mchezo umekwisha mpaka apatikane wa kuuona. Upande wa mlima ulikuwa wa wazembe, maana mpira ukikupita unapanda kidogo halafu unarudi wenyewe. Nakijwa akapewa bonde. Mimi, bila mjadala, nikapewa mlima.

Sijaona mtu akidaka vile, na nimewaona wengi tangu wakati huo. Hakuufukuza mpira. Gongo lilipolia tu alikuwa ameshageuka, anashuka kati ya mawe bila kutazama miguu, na mpira unamkuta mahali alipokwisha kufika. Mikono ilikuwa ileile ya tanuri. Tulimtania kwamba anaongea na ule mpira kwa Kipare.

Kisha zikaja habari kwamba watu wa mkoa watakuja Same mjini kuchagua watoto wa kwenda kusoma bweni bila ada kwa ajili ya mchezo huo. Nyumbani kwetu jambo hilo halikuwa dogo. Mama alikuwa ameshatuambia wazi kwamba matofali yanaleta chakula, hayawezi kuleta sekondari. Na Nakijwa, ingawa alikuwa mkubwa kwangu, tulisoma darasa moja kwa sababu alichelewa kuanza shule. Alibaki nyumbani kunilea mimi. Kama kulikuwa na mtu aliyestahili kutoka, ni yeye.

Uwanja wa Same ulikuwa tambarare, vumbi na upepo. Mwalimu alitupanga kama tulivyozoea, wala hakuna kati yetu aliyewaza kwamba pale hapakuwa na mlima wala bonde. Wapigaji wa mjini karibu wote walitumia mkono wa kulia, na mtu wa mkono wa kulia, mpira wake huelekea zaidi kushoto. Mipira yote ikaja kwangu. Mingine niliiangusha, mingine niliidaka, mmoja niliudaka nikiwa nimefumba macho. Upande wa pili dada yangu aliinama mchezo mzima, mikono wazi, akisubiri. Mpira haukumfikia.

Watu wa mkoa walipotaja majina, langu lilikuwemo. Lake halikuwemo. Mwalimu Mbonea aliwafuata wale wageni.

"Samahani, wazee. Yule binti wa kulia ndiye bora wetu."

"Mwalimu, sisi tunapima tulichokiona," mmoja wao akajibu, kwa upole kabisa.

Njiani kurudi Nakijwa alinibebea mfuko. "Hongera, mdogo wangu," alisema. Kisha akaongeza, "Mimi nilikuwa nausubiri tu." Nililia mimi, yeye hakulia. Nilipoondoka kwenda bweni alikuwa juu ya tanuri, na hakuweza kunipungia kwa sababu mama alikuwa ameshamrushia tofali.

Sasa mimi ni mwalimu wa shule huko Lembeni, na nina uwanja tambarare. Simpimi mtoto kabla hajasimama kila nafasi, na wenzangu huniuliza kwa nini napoteza muda. Mwezi uliopita nilipanda Vudee kumwomba dada aje awaonyeshe wanafunzi wangu namna ya kudaka. Alicheka, akanionyesha viganja vyake vilivyopasuka kwa udongo na jembe. "Hii mikono imekuwa migumu, mdogo wangu. Waonyeshe wewe uliyesoma." Hakusema kwa kunichoma, na ndiyo maana iliniuma.

Mwanawe alikuwa uani na mpira wa matambara. Alipoinua mkono kuurusha, Nakijwa aliweka chini ungo wa maharage, akashuka hatua chache, akasimama upande wa bonde, ameinama, mikono wazi. Mtoto akaurusha upande wa mlima. Ulipanda kidogo, ukarudi wenyewe.