Damu Iliyokataa Kila Mtu

Mwaka 2018, nikiwa na miaka sitini na moja, ndipo shida ilipoingia nyumbani kwangu Gwata. Kabla ya hapo nilikuwa maskini tu, na umaskini nilifyatua tofali mpaka ukaisha. Hii ilikuwa nyingine. Mke wangu akitoka kisimani anahema kama mtu aliyefukuzwa. Macho yakawa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Majirani wote wakageuka madaktari: huyu anashauri juisi ya rozela, yule mboga ya matembele, mwingine anasema ni ini. Tukanunua vidonge vya kuongeza damu. Akavimeza, damu ikazidi kupungua.

Hospitali wakasema aongezewe damu, ndugu waje kuchangia. Kaka zake watatu wakaja kutoka Kibuta, wamechomekea mashati kama wasimamizi wa harusi. Mkubwa wao ni karani mstaafu, na haruhusu mtu kulisahau hilo. Wakatolewa damu kidogo, ikajaribiwa na ya dada yao. Ya karani ikakataa. Za wenzake nazo zikakataa.

Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini. Karani akanivuta pembeni.

"Shemeji, damu imejieleza. Mama alituletea mtoto wa nje."

"Wewe damu umesomea lini?"

"Mambo mengine hayahitaji kusomea."

Hapo alisema kweli, upumbavu hausomewi. Ningemwacha arudi na upumbavu wake Kibuta, lakini aliingia wodini akamwambia mgonjwa mwenyewe, kisha wakaondoka. Mke wangu akageukia ukutani. Akakataa uji, akakataa sindano.

"Kama mimi si wa baba yangu, mnanihangaikia nini? Niacheni."

Nikaona huyu atakufa, na atakayemuua ni mtu aliyezoea kugonga mihuri.

Nimeishia darasa la tatu, lakini kuuliza najua. Nikaenda maabara, nikamwambia binti wa pale ajaribu damu yangu mimi, nisiye ndugu yake kabisa. Ikakataa vilevile.

"Hata yake mwenyewe inamkataa, baba," akasema. "Njoo uone."

Akachukua damu ya mke wangu, akaiosha kwa maji ya chumvi, akaidondoshea dawa ya kipimo. Ikashikana vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika. Akanieleza kwamba mwili una askari wake, wao wanawaita kingamwili, na wa mke wangu wameacha kukamata wadudu, wanakamata seli zake nyekundu na kuzivunja. Damu yoyote ikiletwa wanaikamata pia, iwe ya kaka au ya mpita njia. Vipo vidonge vya kuwatuliza.

Nikarudi wodini nikamweleza mke wangu hivyohivyo nilivyoelezwa. Akageuka kutoka ukutani. Kisha akauliza uji uko wapi.

Tuliporudi nyumbani, damu yake imepanda na uso umevimba kwa sababu ya vidonge vya kutuliza wale askari, karani akaja na kuku mkononi.

"Dada, tulisema kwa uchungu tu."

"Kaka, damu yangu imenikataa hata mimi. Mbona sijajifukuza?"

Karani wa watu akanikabidhi kuku. Kuku tulimchinja, yeye hakuwa na kosa.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne, matanuri mawili ya tofali, ekari sita za mihogo, mbuzi kumi na mmoja na pikipiki mbovu. Nina mke anayekwenda kupimwa damu kila anapoitwa, na anayenigombeza kila siku. Shemeji watatu ninao pia, ila hao siwahesabu.