Baruti ya Kopo Jingine

Siku ninayoikumbuka kuliko zote nilizoishi hapa Sydney, mwanangu, ni Jumamosi moja ya baridi. Nilikuwa nimesimama kwenye uwanja wa kulenga shabaha, bastola mkononi, na maganda ya risasi yamekwama ndani yake yakikataa kutoka. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, nina nguvu zangu, na nilikuwa najiona.

Najua utashangaa, mama wa kwaya kama mimi kuzungumza habari za bastola. Basi nivumilie, nikueleze nilivyofika huko.

Mimi ni mzaliwa wa Uvira, kule Kongo. Usichana wangu uliishia katika kambi moja ya wakimbizi kule Kigoma, na kutoka kambini tukaletwa Campbelltown, pembezoni mwa Sydney, mimi, mume wangu na Riziki wetu akiwa bado mgongoni. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Ingleburn, katika kiwanda cha rafu za chuma. Humo nikamkuta Mzee Colin, fundi wa mashine, Mzungu mwembamba asiyependa maneno mengi. Kila Jumamosi alikwenda klabu yake ya kulenga shabaha, na wakati mmoja wa chai akaniuliza kama ningependa kwenda kutazama.

Baba Riziki hakupenda. Aliniambia, "Mama Riziki, sisi tumekimbia bunduki. Leo wewe unazifuata?"

Nilimjibu kwamba maisha yangu yote silaha ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine na mimi ndiye niliyekimbia. Nilitaka walau mara moja niishike mwenyewe, mahali penye sheria, niamue mimi inaelekea wapi na inanyamaza saa ngapi. Jumamosi akanisindikiza.

Nilisoma masomo yao ya usalama, nikajaza fomu za polisi, nikasubiri miezi mingi hadi leseni ikatoka. Mchezo nilioupenda ni ule wa wanyama wa chuma. Wanapangwa kuku, nguruwe, bata mzinga na kondoo, kila kundi mbali zaidi ya lingine, na kazi yako ni kuwaangusha. Kondoo ndiye wa mwisho, na ni mzito. Ukimpiga kwa risasi dhaifu, analia tu kama sufuria na kubaki amesimama. Ndiyo maana tunatumia bastola ya magnamu, ambayo risasi yake ni ndefu na ina nguvu kupita ya kawaida.

Sasa, wapigaji wengi wa mchezo huu hujitengenezea risasi zao. Mzee Colin alinifundisha kwenye meza yake gerejini, taratibu, kama mama anavyomfundisha binti kuchambua mchele. Ganda la shaba kwanza. Nilipitisha ukucha mdomoni mwake, na lenye ufa hata kama uzi nikalitupa. Halafu fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha moto, nacho kina aina zake. Halafu kichwa cha risasi. Alitaka chenye koti la shaba na mfereji kiunoni, ili mdomo wa ganda ukibane pale, kisije kikavutwa mbele na mshtuko na kukwamisha silinda, ile ngoma ya bastola inayozunguka na risasi. Mwisho baruti. Zipo zinazoungua haraka na zipo zinazoungua polepole, na kwa jicho huwezi kuzitofautisha. Kila moja ina ukurasa wake katika kitabu cha vipimo, na kila mara unaanzia kipimo cha chini cha ukurasa, si cha juu.

Nilijifunza upesi. Upesi mno, labda. Mwaka wa pili nikachaguliwa kuingia timu ya klabu, mwanamke pekee na Mwafrika wa kwanza. Watu wa kanisani waliposikia, hata wale waliokuwa wakininong'ona walianza kunisalimia kwa kicheko. Nikavimba kichwa.

Wiki moja kabla ya mashindano baruti yangu ikaisha. Dukani wakasema hawana, nisubiri. Mwenzetu mmoja klabuni akanionyesha aina nyingine, kopo la rangi karibu ileile, akasema zote ni mamoja. Nikanunua. Kitabu kilikuwa rafuni, mkono tu ungetosha kukifikia, lakini sikukifungua. Nilitumia kipimo changu cha zamani, nikajaza risasi sitini nikiwa naimba.

Jumamosi ile tukaenda mazoezini. Hatua mbili kutoka kwangu alisimama Bernadeta, dada wa Kirundi niliyemleta klabuni mimi mwenyewe baada ya kumbembeleza sana. Nikapiga ya kwanza. Mlio ulikuwa tofauti, na mshtuko ukanifika kiwikoni. Kondoo akaanguka. Unajua nilifanya nini, mwanangu? Nilifurahi. Nikapiga zote tano, kondoo wanne chini, nikasikia watu nyuma yangu wakisifu.

Nikafungua silinda, nikasukuma kijiti cha kutolea maganda. Hakikusogea. Nikasukuma kwa kiganja, maganda mawili yakatoka, matatu yakagoma. Nikawa natafuta kipande cha mti cha kugongea kijiti kile ili niwahi kujaza tano nyingine, ndipo nikahisi mkono begani.

Mzee Colin aliokota ganda moja, akaligeuza kwenye mwanga. Fataki ilikuwa imelala bapa, kama imekanyagwa, ishara kwamba nguvu ya baruti imepita kiasi. Akauliza risasi hizi zimetoka wapi.

Ilikuwa rahisi kusema nimezinunua. Uongo wenyewe ulishafika mdomoni. Kisha nikamwona Bernadeta ameinamisha bastola yake, ananitazama akinisubiri, bila kujua chochote.

"Nimezitengeneza mimi," nikasema. "Kwa baruti nyingine. Sikufungua kitabu."

Hakupandisha sauti. Alisema, "Esta, silinda ikipasuka, vipande vyake haviendi mbele. Vinakwenda pembeni." Akageuka akamtazama Bernadeta, kisha akanitazama mimi. "Kukosa baruti si kosa. Ungekuja mikono mitupu, leo tungekunywa chai."

Akanitoa kwenye timu papo hapo. Mchana kutwa nilikaa kwenye benchi la klabu na nyundo ya kufumulia risasi, nikazivunja zilizobaki moja moja, hamsini na tano, huku wenzangu wakipita. Nilipomweleza Bernadeta jambo lililokuwa karibu kumpata kwa sababu yangu, alilia, nami nikalia. Wiki mbili hakupokea simu yangu. Alipoipokea, aliniambia atarudi uwanjani nikirudi vizuri.

Nilirudi polepole. Bastola niliipeleka kwa fundi ikakaguliwa. Nilisubiri baruti yangu ifike, nikaanza na kipimo cha chini cha ukurasa, tano tano, nikitazama kila ganda na kuandika kwenye daftari. Mwaka uliofuata nikaingia timu tena, nikaangusha kondoo tisa kati ya kumi. Bernadeta alikuwa hatua mbili kutoka kwangu.

Lakini fahari yangu, mwanangu, si kondoo wale. Miaka mingi baadaye mikono ya Mzee Colin ilianza kutetemeka. Alitaka kushindana mara ya mwisho, na hakuweza tena kupima baruti. Wapo waliokuwa mabingwa pale klabuni, waliomjua kabla yangu. Aliniita mimi nimjazie risasi. Tulikaa gerejini kwake, akanisogezea kiti chake, na yeye akakaa kwenye kile cha mwanafunzi. Nikafungua kitabu, nikapima moja moja hadi nikamaliza. Asubuhi ya mashindano aliichukua risasi ya kwanza, akaitia kwenye silinda bila kuitazama, na ya pili, na ya tatu, akipiga gumzo na jirani yake. Mtu aliyekagua kila kitu maisha yake yote hakuikagua kazi yangu.

Basi nakuambia. Huenda wewe hutashika bastola kamwe. Utapima dawa za wazee kule kwenye nyumba za kulelea, au utaendesha mashine ya kubeba mizigo ghalani. Kitu kisicho sawa usikitie kwa sababu kinafanana. Kitabu ukikijua, kifungue tena. Kitu sahihi kikikosekana, sema hakipo na ukubali kukosa siku yako. Ukikosea, jitaje mwenyewe kabla hujatajwa, na umtazame usoni yule aliyesimama karibu nawe. Ukishafanya hivyo, jivunie. Usione haya kujivunia kazi ya mikono yako, mimi naijivunia yangu.

Mungu aitulize mikono yako, mwanangu, akupe wa kukuonya ungali kijana, na akufikishe umri wa mtu kukukabidhi maisha yake bila kukagua.