Kapu Safi na Mikorosho Iliyobaki Ndani ya Waya

Kwetu mgeni akiuliza habari, huanzi na msiba. Hata maiti iwe ndani, unasema njema, unamkalisha mkekani, unampa maji, na akishapumua ndipo unaileta ile "ila". Ila mama hatunaye. Ila nyumba imeungua. Ubaya huja baada ya maji. Nimejificha sana nyuma ya desturi hii.

Tuliporudi kutoka ukimbizini, kampuni ya umeme wa jua ilizungushia waya eneo kubwa upande wa kijiji chetu, Mute. Mikorosho ya kaka yangu ikabaki ndani. Mwenyewe vita vilimla. Tulikimbia naye porini, mimi nikafika, yeye hakufika. Wifi yangu, mjane wake, hakubakiwa na kitu zaidi ya ile mikorosho. Kampuni ikamwambia geti litafunguliwa msimu wa kuokota. Msimu ukaja, geti kimya.

Ndipo akaja mgeni, mwanamke kutoka nje, na mkalimani wake, kijana aliyesoma, wa Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Chefe, mkuu wa kijiji, akasimama nyuma yao, mikono mgongoni, ananitazama mimi tu.

"Habari za hapa?"

"Njema."

"Kampuni mnaishi nayo vipi?"

"Vizuri."

"Wenye mashamba ya ndani wanapita?"

"Wanapita, alhamdulillahi."

Uongo nikautia na alhamdulillahi. Mgeni akashukuru, akainuka. Maji hakunywa.

Mkalimani alipokuwa anapanda gari nikamuuliza, mwanangu, majibu haya yanakwenda wapi? Akacheka. "Bolsa, mama. Soko la hisa." Akanieleza vizuri, nisimsingizie. Wenye pesa huko nje hawataki kuhangaika na kampuni moja moja, basi wametengenezewa kapu: kampuni za jua, za upepo, zisizochafua hewa wala kuonea majirani. Mtu anaweka pesa kwenye kapu zima. Kapu lina kipimo chake, wanakiita fahirisi, kinapanda na kushuka kila siku, na wao wanakifuata kama sisi tunavyofuata maji kupwa na kujaa. Kampuni ambayo majirani zake wanalia inaweza kutolewa.

"Yenu haitoki," akasema. "Kwa majibu yako haya, mama, imekaa."

Gari lilikuwa halijawashwa. Ile "ila" ilikuwa mdomoni, ningeitoa hapo hapo. Nikamwambia safari njema.

Wiki hiyo hiyo nikaanza kazi ya kuosha masufuria jikoni kwa kampuni. Chefe alikuwa ameniahidi kabla mgeni hajafika.

Wifi alikuja nyumbani akiwa ameshasikia. Hakukaa.

"Eti watu tunapita. Tunapita wapi wifi, chini ya ardhi kama panya?"

"Wifi, mgeni huanzi kumwambia mabaya. Ni adabu."

"Adabu!" Akaishika aproni yangu iliyoanikwa kwenye kamba, akaitikisa. "Adabu gani hii inavaliwa kiunoni? Mwambie kaka yako basi, alhamdulillahi, wanapita."

Akaondoka. Nikaianika upya ile aproni.

Binti yangu anasoma Pemba. Nikamwomba awe ananiangalizia lile kapu kwenye simu. Ijumaa kwa Ijumaa ananitumia sauti: "Mama, limepanda." Na yetu imo? "Imo." Ijumaa nyingine: "Limeshuka kweli leo." Nikafurahi, nikaacha sufuria, nikadhani wamesikia. Akanicheka. "Mama, likishuka si kwamba geti limefunguka. Hata riba zikipanda Amerika linashuka." Kumbe lile kapu lina masikio ya kusikia riba za Amerika, ila la kumsikia mjane wa Mute halina. Sikio lake la huku nilikuwa mimi, nami nililiziba.

Waliokosa nawajua. Waliomuua kaka yangu, hao Mungu anawajua kuliko mimi. Kampuni, iliyoahidi geti. Chefe, aliyegawa kazi kama pipi. Mgeni, aliyekwenda nyumba ya watu akaondoka kabla ya maji kisha akaandika kwamba amesikiliza. Na wale wa mbali wenye kapu, wanaolala usingizi mzuri kwa sababu kapu lao ni safi. Niwataje wote nijiache? Wao hawakumjua kaka yangu. Mimi na yeye tumelala tumbo moja.

Mwaka huu mkalimani amerudi, peke yake, na tableti. Nikamwita wifi. Alikuja akasimama mbali, kanga kafunika mdomo.

"Habari za hapa, mama?"

"Mbaya."

Akacheka kidogo. "Tuanze na salamu kwanza."

"Hiyo ndiyo salamu yako. Geti halijafunguliwa hata siku moja. Mwaka jana nilisema wanapita kwa sababu nilitaka kazi. Andika."

"Hilo la kazi halina pa kuandika, mama. Humu kuna ndiyo na hapana."

"Basi andika hapana."

Akaandika, nimeona kidole chake. Kazi ya jikoni nikaambiwa kesho yake nisije. Binti naye Ijumaa akatuma sauti: yetu bado imo, na kapu limepanda.

Msimu umefika tena. Mabibo mekundu yameanguka ndani, yanaoza, harufu inakuja mpaka barabarani. Juzi nilimkuta wifi amelala kifudifudi kando ya waya, mkono ameupenyeza chini, anavuta korosho kwa kijiti, moja moja, zile za karibu tu. Nikatafuta gongo, nikalipitisha chini ya waya, nikainua. Hakunitazama wala hakunisalimu.

"Inua," akasema. "Inua zaidi, mabega yangu hayapiti."

Nikainua. Sikushusha.