Bi Viti hataki kusikia neno ‘woga’

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kwenye ukumbi wa chakula wa kiwanda cha magodoro, mwanamke mfupi mwenye sare iliyopauka anakokota viti viwili vya plastiki. Mratibu wa sherehe anamfuata nyuma akilalamika.

“Dada, hivyo ni vya wageni.”

“Wageni watasimama, kaka’ngu. Wao hawatolewi damu.”

Anaongeza vingine vitatu, anavipanga vyote vitano karibu na ndoo ya maji ya kunywa, kisha anakalia kimoja mpaka yule bwana aondoke. Ndiyo maana wenzake wa kikosi cha kukusanya damu wanamwita Bi Viti.

Kwenye karatasi yeye ni mhudumu: kufuta vitanda, kugawa juisi. Kazi yake halisi, kwa miaka kumi na mmoja, ni kudaka wanaozimia. “Nimedaka mpaka mabaunsa,” anasema. “Muulize mgongo wangu.”

Kuzimia hakumuudhi. Kinachomuudhi ni fomu. Mtu akianguka, kiongozi wa zamu huandika sababu, na karibu kila mara ni neno moja: woga.

Miezi minne iliyopita aliandikiwa hivyo fundi mwashi mmoja wa hapa kiwandani, mwanamume wa miraba minne. Alitoka juani moja kwa moja, hajanywa maji tangu asubuhi, na hakuna aliyemuuliza. Sindano ilipochomolewa aliambiwa asimame, apishe mwingine. Viti vya kupumzikia vilikuwa mbele, vimekaliwa na waheshimiwa. Alipiga hatua sita, akaanguka, akang’oka jino. Bi Viti alikuwa ametumwa kufuata maua ya mgeni rasmi.

“Woga uko wapi hapo?” anauliza, sauti ikimpanda.

Daktari wa kikosi anakubaliana naye. Kwa baadhi ya watu, anaeleza, damu ikitolewa moyo hupunguza mwendo, mishipa hulegea, damu hushukia miguuni na ubongo hupungukiwa kwa muda mfupi. Hofu huchangia. Kiu, njaa, uchovu na kusimama upesi huchangia pia.

Bi Viti ana daftari la waliozimia. Kati ya watu arobaini na watatu aliowaandika, thelathini na mmoja walianguka baada ya kusimama. Aliomba fomu iulize kama mtu alikunywa maji, na alipumzika dakika ngapi. Akajibiwa ashughulike na juisi zake.

“Mke wangu alipojifungua aliongezewa chupa tatu za damu ya watu nisiowajua,” anasema fundi. “Nilikwenda kushukuru. Nikarudi bila jino, na kazini sasa naitwa Bibi Harusi.” Wenzake kumi na wawili walifuta majina yao kwenye orodha ya wachangiaji.

Bi Viti alimfuata mara tatu kumbembeleza. Leo fundi amekuja, chupa ya maji mkononi, na hao kumi na wawili wamesimama mlangoni kutazama.

Anatoa damu. Anakaa. Mgeni rasmi anaingia, mratibu anakuja mbio kutafuta kiti, na fundi, kwa adabu zake, anaanza kuinuka. Bi Viti anamkandamiza bega.

“Kaa, baba. Yeye ana miguu.”

Zinapita dakika kumi na tano. Fundi anasimama, anatembea hatua sita, saba, nane, mpaka mlangoni kwa wenzake. Wawili wanaingia na kuomba fomu.

Bi Viti anamgeukia kiongozi wa zamu.

“Na huyu mwandike,” anasema. “Andika: alikaa.”