Sombe ya Mama Ramazani

Mkiniona hapa mtaani Kasuku na pikipiki yangu, watu wakiniita komando, msifikiri sina aibu. Aibu ninayo ya kunitosha mpaka kaburini, na yote ilianza kwa sababu nilishindwa kumwambia mama wa watu kwamba sitakula.

Wakati wa vita nilijitolea mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Kambini, porini karibu na Lokandu, tulioshwa kwa maji ya dawa ili risasi isituingie, na masharti yake yalikuwa mengi (aliyeyakumbuka yote si mimi), lakini moja kila mtu alilijua: chakula cha mkono wa mwanamke hakiguswi. Sasa siku moja nimetumwa kijijini kutafuta chumvi, nikapita kwa mama wa Ramazani, rafiki yangu tuliyejiunga pamoja, na mama akaniwekea sombe, yale majani ya muhogo, iliyokolea mawese, nami nikaona kukataa ni kumvunjia heshima (uongo, nilikuwa na njaa), nikala mpaka nikalamba vidole. Akafunga nyingine kwenye majani ya ndizi.

“Mupelekee ndugu yako,” akasema. “Umwambie mama yake anamuwaza.”

Heri ningeitupa njiani. Badala yake nikaificha ndani ya mfuko wa Ramazani, nikisema nitamwambia baadaye, na kabla hiyo baadaye haijafika, mganga wetu, tuliyemwita dokta, akasema ananusa mawese, akatupanga mstari wote akitunusa mikono. Yangu nilishaisugua kwa tope na majivu, mtu mzima na bunduki yangu, kama mtoto aliyeiba sukari. Kisha wakapekua mifuko.

“Hii njo ya nani?” dokta akauliza.

Ramazani akaliangalia lile furushi. “Iko mu mufuko yangu, lakini mie siijue.”

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, tena kuliko wote, kwa woga niliokuwa nao. Wakasema amekula, dawa yake imekufa. Wakamvua shati, wakammwagia maji ya mto, wakamwita bwana harusi, eti amelishwa na mwanamke. Alinitazama mara moja tu. Sijui kama alijua.

Kesho yake asubuhi tukaingia vitani. Ramazani aliomba abaki, wakakataa, akaenda, na risasi ya kwanza ikampata yeye. Mimi niliyekula sahani nzima nilirudi bila hata mkwaruzo. Tangu hapo siamini dawa, wala sijiamini mwenyewe.

Mama yake siku hizi anauza mboga hapa sokoni. Mwaka jana, mbele ya wateja, aliniuliza neno moja tu.

“Baba, ile sombe, alikulaka mbele ya kufa?”

Nikamjibu alikula kabla hajafa, alimaliza yote. Akalia, akanishukuru, akawaambia wenzake kwamba mimi ndiye mtoto aliyembakia, na wale mama wakainuka mmoja mmoja kunipa mkono, na mimi natamani ardhi inimeze.

Nimeapa nikikutana naye tena nitasema kweli. Nimeapa mara nyingi. Jana nimekutana naye, nikambebea mzigo mpaka nyumbani, akaniombea dua pale mlangoni, nami nikaitikia amina.