Meneja Asilale Njaa

Katika kliniki ya mifugo iliyo nyuma ya duka la mbegu mjini Kitale, mizani ilikuwa jicho la Daktari Rotich. Ng'ombe akishushwa kwenye lori, Rotich humzunguka mara moja, mikono mgongoni, kisha hutaja kilo zake kama mtu anayesoma kitambulisho. Mia tatu themanini. Mia nne kasoro kumi. Dawa huvutwa kwenye sindano kwa kufuata neno hilo, ng'ombe hulala, na ng'ombe huamka.

Lorna Chesang alijifunzia kazi pembeni ya jicho hilo. Alikuwa binti wa wakulima wa Saboti, mtu wa maneno machache na viatu vya mpira, na kufikia mwaka wake wa pili kazini jicho lake nalo lilikuwa limekomaa. Alijivunia hilo. Wafugaji walipiga simu kliniki, wakasema, leta yule msichana anayejua uzito.

Jicho hilo ndilo lililomuua sungura wa Mwalimu Levi.

Sungura yule alikuja na jipu shavuni. Lorna alimtazama, akaona manyoya mengi, akasema moyoni kilo mbili, akavuta dawa ya kilo mbili. Chini ya manyoya yale palikuwa na kilo moja na nusu tu. Sungura alilala vizuri, jipu likapasuliwa vizuri, na hakuamka. Lorna alimsugua kifua kwa vidole viwili mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha akatoka nje, akamwambia Mwalimu Levi bila kuzunguka: "Nimekosea mimi. Sikumpima." Mwalimu alivua koti lake, akamfunika sungura, akaondoka naye.

Wiki iliyofuata Lorna alinunua mizani ya kidijitali, ile ya wapika keki.

"Chesang," Rotich alimwambia, akicheka mpaka miwani ikateleza, "sasa utatupikia mandazi?"

"Nitapima sungura, Daktari."

"Sungura ni kitoweo. Anayemlaza sungura ili amtibu ana wazimu, na anayemlipa ana wazimu zaidi."

Lorna alifuta vumbi kwenye kibao cha mizani, akaiweka juu ya rafu ya chanjo. Kwa mwaka mzima baada ya hapo alisoma kila alichokipata juu ya wanyama wadogo. Alimpigia simu mwalimu wake wa chuo mpaka mwalimu akaanza kupokea kwa kusema, "Haya, sungura gani leo?" Alijifunza kwamba mnyama mdogo hupoteza joto upesi kama chai kwenye kikombe cha bati. Alijifunza kwamba sungura hatapiki, kwa hiyo hana haja ya kuja na tumbo tupu. Kwamba utumbo wake ni kinu kisichotakiwa kusimama, na ukisimama, yeye pia husimama. Aliyaandika yote kwenye daftari. Lakini kumlaza sungura mwingine, hilo hakuwa amelifanya. Kila aliyeleta sungura alimpa dawa ya kunywa na maneno mazuri, na mwenyewe alijua kwamba ni woga.

Ndipo Wilkista alipopiga simu kutoka Bungoma.

Wilkista alikuwa fundi wa nguo pale Kanduyi, mjane wa miaka hamsini na kitu, na sungura wake mweupe aliitwa Meneja kwa sababu alikaa juu ya meza ya kukatia vitambaa akiwakodolea macho wateja. Meneja alikuwa ameacha kula majani. Alidondokwa na mate, alitafuna upande mmoja. Lorna alielewa kabla hajamwona: meno ya sungura hayaachi kukua, na ya nyuma yakikosa kusagana sawasawa huota ncha zinazokata ulimi. Ingebidi kuzisaga kwa tupa. Na hakuna sungura anayeachama akiwa macho.

"Mlete Jumatano," Lorna alisema, akasikia sauti yake mwenyewe na kushangaa. "Na mama, sikiliza vizuri. Aje akiwa amekula. Ponda majani ya viazi vitamu yawe laini, mpe mpaka asubuhi ya safari. Asilale njaa."

"Sawa daktari. Nimesikia."

Jumatano saa nne asubuhi Wilkista aliingia na kikapu kilichofunikwa kanga. Lorna alimweka Meneja kwenye mizani. Kilo moja na gramu mia sita arobaini. Akagusa tumbo. Lilikuwa baridi, limetulia kama mfuko wa unga uliosahaulika stoo. Akavaa kipimo cha kusikilizia masikioni, akasikiliza upande huu, upande ule. Kimya. Kwenye kikapu hapakuwa na hata punje moja ya kinyesi.

"Mama, alikula saa ngapi?"

Wilkista alinyoosha mgongo. "Hajakula tangu jana asubuhi. Nimemtayarisha."

"Lakini nilikuambia—"

"Uliniambia. Lakini mimi nilipopasuliwa goita hii ya shingo, si tuliambiwa tusiguse hata maji? Mama wa kitanda cha jirani alikunywa uji kwa siri, akarudishwa nyumbani! Nikasema, huyu daktari amezoea ng'ombe, ako na mambo mengi, labda amesahau. Halafu nikaambia wamama wa maombi. Wakasema, Wilkista, hiyo ni operesheni, tufunge na yeye. Tumefunga wote, watu saba na sungura mmoja. Mimi mwenyewe hata chai sijaonja."

Festus Walubengo, mshikaji wa mafahali wa kliniki, mwenye mikono kama magogo, aligeukia dirisha mabega yakimtikisika kwa kicheko. Lorna hakucheka. Alimwona yule mama, midomo imekauka kwa ajili ya kilo moja na kitu ya manyoya, na akaona kwamba hapa hapakuwa na mtu wa kukaripiwa.

"Mama, wewe ulinyimwa chakula kwa sababu binadamu anaweza kutapika akiwa usingizini, akakabwa. Sungura hawezi kutapika. Yeye akikaa bila kula, tumbo linasimama. Nikimlaza na tumbo lililosimama, sitamwamsha. Leo simlazi."

"Ati nini?"

"Kesho. Leo tunamlisha."

Wilkista akaweka mikono kiunoni. "Nimetoka Kanduyi alfajiri. Nina yunifomu za shule nzima zinaningoja, shule zinafunguliwa Jumatatu. Daktari, mwanangu, sema ukweli. Unaogopa."

Rotich alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama Lorna, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Alijua jibu, kama alivyojua Festus.

"Naogopa, mama," Lorna alisema. "Wa kwanza niliyemlaza alikufa mikononi mwangu, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kujua uzito wake kwa jicho. Huyu nitamlaza kesho. Ukitaka leo, mchukue umpeleke kwa mwingine, sitakasirika. Lakini mimi leo hapana."

Mikono ikashuka kutoka kiunoni. Wilkista akavuta kiti. "Nionyeshe vile analishwa," akasema.

Siku nzima walimlisha. Majani yaliyopondwa yakavutwa kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, yakaingizwa kando ya mdomo, tone baada ya tone. Lorna alimpa maji chini ya ngozi, dawa ya maumivu, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo. Alimwamuru Wilkista naye ale, akamtuma Festus kununua chai na viazi vya kuchemsha. Jioni mama huyo alikwenda kulala kwa kina Festus, akamchukua Meneja na bomba lake na maagizo yaliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Asubuhi alirudi macho mekundu, kikapu mikononi, akakifunua kabla hata ya kusalimia. Chini ya Meneja palikuwa na vidonge vidogo vya kahawia, vikavu, vya duara, vingi.

"Nimevihesabu," akasema. "Thelathini na moja."

Lorna akampima tena. Kilo moja na gramu mia sita tisini. Akaandika, akapiga hesabu, akampa Festus apige hesabu hiyo hiyo bila kuona ya kwake. Zilipolingana ndipo akavuta dawa ya usingizi, kidogo mno kiasi kwamba kwenye sindano ya ng'ombe isingeonekana. Dawa ya kumwamsha akaivuta pia, akaiweka karibu na mkono wake wa kulia. Akamchoma Meneja ile ya usingizi, akamwomba Wilkista amshike ndani ya kanga yake mwenyewe, kwenye chumba cha stoo ambamo hawasikiki mbwa wala ng'ombe, mpaka kichwa kizito kikalala kwenye kiwiko chake.

"Sasa niachie, mama."

"Nakuachia," Wilkista alisema, na hakuachia mpaka Lorna alipompapasa mkono.

Mezani palikuwa na chupa za joto pande zote mbili, mafuta machoni ili yasikauke, na barakoa ndogo ya oksijeni ambayo Lorna alikuwa ameikata kutoka kwenye bomba la sindano kubwa. Kazi ya Festus ilikuwa moja: kuangalia ubavu ukipanda na kushuka, na kutaja idadi kila robo ya dakika.

"Kumi," akasema Festus. "Kumi. Kumi na moja."

Lorna alianza na ncha mbaya zaidi, ya kushoto, ile iliyokuwa imechimba ulimi mpaka ukawa mwekundu. Hakuanza na iliyo rahisi. Alikuwa amejiambia tangu jana: nikilazimika kusimama katikati, liwe limekwisha lile linalomuua. Tupa ikaenda na kurudi, fupi, fupi. Unga mweupe ukatoka, akaufuta kwa pamba.

"Tisa. Tisa. Nane."

Ncha ya kushoto ikaondoka. Akahamia kulia, kwenye ncha ndogo.

"Saba," Festus akasema. Kisha: "Daktari, tano."

Tupa ikasimama.

"Tatu," akasema Festus, na sauti ya mtu huyo wa mafahali ikawa nyembamba kama uzi. "Daktari, hii kitu imerara sana."

"Bado dakika moja tu, Chesang," Rotich alisema nyuma yake, kwa upole. "Malizia. Usimrudishe mama wa watu na kazi nusu."

Lorna aliisikia sauti ile iliyomfundisha kila kitu. Mkono wake ulijua njia ya kumaliza. Ulikuwa umemaliza kazi zote za maisha yake. Akaweka tupa chini.

"Naacha hapa."

Akatoa vyombo mdomoni, akanyoosha shingo ya sungura ili njia ya hewa ifunguke, akavuta ulimi mbele, akachoma dawa ya kuamsha. Akaminya mfuko wa oksijeni uliounganishwa na barakoa, taratibu, akahesabu moyoni.

"Tatu," Festus akasema. "Tatu." Robo dakika ikapita kama juma. "Nne. Daktari! Sita. Saba, bana, saba!"

Pua ikatikisika. Sikio moja likainuka, likaanguka, likainuka.

Rotich alivua miwani, akaifuta kwa kona ya koti kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. "Andika ile dozi mahali nitakapoiona," akasema, akaenda zake kumtazama ndama.

Wilkista hakuruhusiwa kuondoka. Saa saba alisihi, saa nane alinung'unika kuhusu yunifomu, na mara zote Lorna alimjibu vilevile: mpaka ale mwenyewe. Saa tisa Meneja alijikokota nje ya kanga, akanusa jani la kiazi kitamu, akalitafuna pande zote mbili, polepole, kama mzee anayejaribu meno mapya.

"Anakula," Wilkista alisema, akaketi ghafla.

Lorna akamwambia lililobaki bila kulipunguza. Ncha ya kulia ipo. Hata ya kushoto itaota tena, maana ndivyo meno hayo yalivyo. Baada ya wiki sita au nane atarudi, atalazwa tena, na hatari itakuwapo tena.

"Kila mara?"

"Kila mara, mama."

Wilkista alifunga kanga juu ya kikapu, akaacha mwanya wa pua. "Basi niandikie tarehe," akasema. "Na wale wamama nitawaambia wafunge wenyewe. Huyu atakuja ameshiba."

Lorna akachukua kalenda ya ukutani, akaanza kuhesabu wiki.